Mabega ya Shemeji

Kabla ya vita alikuwa mwandika vibao vya maduka, na watu walimwita Fundi Rangi. Jeshi lilipotafuta wachoraji wa kuonyesha wananchi jinsi shehena inavyopakiwa bandarini, alichukuliwa haraka haraka. Tangu hapo hakutulia. Alichora huku anatembea, akiruka kamba, akikwepa magunia, akifokewa na kila mtu.

Alipenda mabega. Wachukuzi wake wote walitoka vifua vipana, utadhani posho ya bandarini ni nyama tupu. Sura aliziacha vivuli tu, lakini chini ya kila mtu, kwa mazoea ya vibao, aliandika jina kwa herufi za kupendeza. Kapteni akabandika picha ofisini, na fundi akavimba kichwa.

Asubuhi moja alimkuta kapteni mbele ya ukuta ule. Meli ilitaka watu wa kwenda kupakua mizigo kule kwenye mapigano. "Huyu. Na huyu," kapteni alisema, akisoma majina. Fundi Rangi akaelewa kuwa picha zake zimegeuka orodha. Akakimbilia gatini, kapteni nyuma yake akitafuta wengine.

Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa bado hajachorwa. Mtu wa miraba minne, na majivuno ya kutosha mtaa mzima.

"Shemeji, leo zamu yangu. Dada yako na mimba yake ile aone ameolewa na nani."

Kapteni alikuwa anasikia. Fundi akamchora mgongo umepinda, mikono myembamba, magoti yanagongana.

Shemeji akachungulia. "Huyu mimi, au marehemu babu?"

"Ndivyo ninavyokuona."

"Basi hujaniona." Akainua peke yake sanduku la risasi ambalo wawili hulibeba kwa manung'uniko, akapita nalo mbele ya kapteni akipiga mluzi.

Meli iliondoka naye kesho yake.

Dada alikuja kuomba picha ya mumewe. Fundi Rangi alizunguka chumba, akafungua dirisha, akalifunga, mwisho akampa ile aliyokuwa nayo.

"Kaka, huyu nani?"

"Jina liko hapo chini."

"Jina ninalo. Kaa, nichoree yeye."

Akakaa. Mabega aliyaweka yote mawili, mapana kama yalivyokuwa. Alipofika usoni penseli ilisimama, maana ile sura hakuwahi kuitazama vya kutosha kuichora, na dada alikuwa anasubiri.