Mwanamke Anayeshika Sikio

Stara binti Abbasi hakuwa mtu wa kushuku ovyo. Alikuwa mtu wa kuchunguza, na hayo ni mambo mawili, ingawa majirani zake wa Nkuhungu waliyachanganya. Mwenye kushuku anatafuta ubaya. Stara alitafuta vioja tu, tena vidogo, visivyomdhuru mtu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba jogoo wa Mama Tereza, jirani yake, huwika kila mashine ya kusaga inapozimwa, hata kama ni mchana kweupe. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mgeni anayesema "mimi sikai, napita tu" ndiye anayemaliza chupa ya chai. Alipowaambia wanawake wenzake, walimtazama kidogo, kisha wakarudi kwenye habari zao za ndoa za watu. Basi akaacha kuwaambia, akawa anamwambia mumewe peke yake.

Mumewe, Shaaban, alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wataalamu mashambani, hasa Makutupora kwenye mizabibu, kisha kukaa kwenye gari akiwasubiri mpaka matako yafe ganzi. Jioni akirudi, kabla hajavua viatu, huuliza, "Enhe, leo umeona nini?" Stara anammwagia vyake, na yeye anatoa vyake. Hawakujaliwa mtoto. Watu waliwahurumia kwa hilo, wakidhani nyumba ile ni kimya, kumbe ndani humo mna watu wawili wanabishana kuhusu jogoo.

Halafu Shaaban akafa. Siku hiyo alikuwa ametoka Makutupora, akashuka kwenye gari uani mwa ofisi yao, akajishika kifua, akaanguka. Hakufika hospitali akiwa hai. Stara aliletewa viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki, na hilo la viatu lilimuuma kuliko salamu zote za rambirambi, kwa sababu alikuwa hajawahi kumwona akivivua kabla ya kuuliza.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamke ndani ya nyumba yake, nguo nyeupe, bila manukato, bila hina, bila kwenda sokoni. Kila baada ya swala aliinua mikono akamwombea Shaaban kwa jina. Mchana ulikuwa mrefu. Lulu, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisoma chuo Hombolo, alikuja mwisho wa juma akamkuta shangazi yake anahesabu nyufa za dari.

"Shangazi, utapata wazimu," Lulu alisema. "Nipe hiyo simu."

Akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp ambalo yeye na wenzake walilianzisha, linaitwa Vioja vya Leo. Masharti yake yalikuwa machache: hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna jina la kweli, na kila kioja kiwe kidogo. Mmoja aliandika kwamba fundi viatu wa kwao huvaa kandambili zilizokatika. Mwingine aliuliza kwa nini ukitafuta funguo huwa mkononi mwako. Stara alijiita Kungumanga. Wiki ya kwanza alicheka mpaka akaogopa, maana mjane akisikika anacheka watu watasema. Akawa anacheka ndani ya mtandio.

"Hata Anko alikuwemo humu," Lulu alimwambia. "Alipenda kweli."

Stara akafurahi. Mumewe hakuwahi kumtajia kundi hilo, lakini akafurahi. Furaha ile haikudumu.

Asubuhi moja mtu anayejiita Zabibu, ambaye kwenye picha yake kulikuwa na shada la zabibu na lango la buluu kwa nyuma, aliandika hivi: "Hiki sikukiona mwenyewe, nilisimuliwa na rafiki yangu, Mungu amrehemu. Kuna jogoo mjini huwika mashine ya kusaga ikizimwa. Si alfajiri. Mashine tu."

Watu wakamwaga vicheko. Stara hakucheka. Alikaa na simu mkononi akajiambia kwamba majogoo ni wengi na mashine ni nyingi. Siku chache baadaye Zabibu akaandika kuhusu mgeni anayesema hakai. Stara akajiambia kwamba wageni nao ni wengi. Akajiambia tena na tena, kama mtu anayesukuma mlango ambao tayari umefungwa.

Halafu likaja la tatu.

"Rafiki yangu huyo alinisimulia kuna mwanamke, akitaka kupiga chafya, lazima kwanza ashike sikio la kushoto. Asiposhika, chafya haiji. Anabaki mdomo wazi."

Mkono wa Stara ukaenda sikioni wenyewe. Hata Lulu, aliyekuwa akija kulala kwake tangu mdogo, hakuwahi kuligundua hilo. Shaaban aliligundua mwezi wa kwanza wa ndoa, usiku, wakiwa wamelala, akamcheka mpaka kitanda kikalia. Hilo lilikuwa jambo la kitandani. Sasa liko kwenye simu za watu wasiojulikana, limeletwa na Zabibu mwenye shada lake.

"Lulu, huyu Zabibu ni nani?"

Lulu akapekua. "Simjui, Shangazi. Aliingizwa na Anko mwenyewe."

Hapo Stara akabadilika. Yale macho yaliyokuwa yakitazama majogoo yakageukia ndoa yake, na macho ya mchunguzi yakigeukia ndoa hayakosi cha kuona. Alikumbuka jinsi Shaaban alivyopenda safari za Makutupora, hata siku ambazo dereva mwingine alikuwa zamu. Alikumbuka zabibu alizokuja nazo zimefungwa kwenye gazeti, kila mara, bure. Nani anampa mtu zabibu bure? Alikumbuka vile vioja ambavyo Shaaban alimletea jioni: kwamba nyuki hawanywi maji ya pipa jipya, kwamba mlinzi akisinzia huamshwa na ukimya kuliko kelele. Alidhani mumewe aliviona mwenyewe. Sasa akawaza kwamba kuna mdomo wa mwanamke uliompa, na yeye Stara alikuwa akicheka jioni mabaki ya kicheko cha mwingine.

Wivu wa mtu aliye hai una dawa, unamsubiri mlangoni unamuuliza. Huu haukuwa na wa kuulizwa. Na mwenyewe amefungwa ndani, kwa heshima ya mtu yuleyule anayemshuku.

Akatega. Aliandika kundini kioja nusu: "Nimesikia nyuki wana tabia ya ajabu kuhusu pipa." Akaishia hapo. Haikuchukua muda Zabibu akajibu, "Pipa jipya! Hawagusi maji yake mpaka lipate kutu kidogo." Stara akaitupa simu kitandani, akaiokota tena. Sasa alikuwa na uhakika.

Akamwandikia Zabibu faraghani, bila kificho: "Mimi ni mke wa marehemu Shaaban, niko eda. Wewe ni nani kwake?"

Alama mbili zikageuka buluu. Ikaonekana kwamba mwenzake anaandika. Ikakoma. Akaandika tena, ikakoma tena. Stara akaona anachezewa, akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Kisha kwenye kundi pakatokea mstari mdogo wa kijivu: Zabibu ameondoka.

Mtu asiye na hatia hakimbii. Hivyo ndivyo Stara alivyojiambia, na ungemuuliza mtu yeyote pale Nkuhungu angekwambia vilevile. Lulu alipomuuliza Fahadi, dereva mwenzake na marehemu, kuhusu lango la buluu, Fahadi alicheka akasema, "Aa, lile! Pale Shaaban alikuwa na makao yake." Lulu alirudi nalo hilo neno hivyohivyo, na kile kicheko akakisimulia pia. Mtoto wa watu hakujua anapeleka kisu.

Tangu siku hiyo Stara aliswali, akamaliza, akawaombea wazazi wake, akawaombea wagonjwa na Waislamu wote, akashusha mikono. Jina la Shaaban halikutoka. Lulu aliona, akaogopa kuuliza. Eda aliendelea nayo bila kupunguza hata siku moja, kwa hasira, kama mtu anayemaliza chakula kibaya ili mpishi asiseme. Alikuwa akimkalia eda mtu ambaye hakutaka kumwombea, na hilo lilimtesa, kwa sababu alijua kwamba kama maiti anasubiri kitu kutoka duniani, anasubiri kile.

Eda ilipokwisha, akaoga, akavaa baibui, akamwambia Lulu atafute gari la kukodi.

"Tunakwenda kwa nani, Shangazi?"

"Kwa Zabibu. Nataka nimwone uso. Nikishamwona, nitajua kama nimsamehe marehemu au nimwache na Mola wake."

Huko Makutupora, kama Fahadi alivyomwelekeza Lulu, lango la buluu lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, na juu yake tangi la maji. Mbwa mwekundu alikuwa amelala kivulini. Alifungua jicho moja, akaliona gari, akalifumba. Kwenye kibanda cha lango alikaa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pama, anashona mpira wa maji uliopasuka. Stara alishuka.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Namtafuta mwanamke anayefanya kazi hapa. Anajiita Zabibu."

Yule mwanamume akaacha kushona. "Hapa hakuna mwanamke, mama. Wanakuja wakati wa kuvuna tu."

Kumbe hata mlinzi kafundishwa kuficha, Stara aliwaza. Akafungua mdomo amwambie kwamba hatoki hapo mpaka amwone huyo mtu. Lakini ndani ya shamba walikuwa wakipulizia mizabibu unga wa salfa, na upepo ukauleta langoni. Pua ikamwasha. Mkono ukapanda, ukaingia chini ya mtandio, ukashika sikio la kushoto. Akapiga chafya.

Alipofumbua macho, yule mwanamume alikuwa amesimama wima, kofia kaishika kifuani.

"Shemeji Stara," alisema.

Mkono wa Stara ulikuwa bado sikioni.

"Mimi ndiye Zabibu. Jina langu Raphael. Pole na msiba, shemeji. Makaburini nilikuwepo, lakini nyumbani kwa wanawake sikuingia." Akavuta kiti, akakifuta kwa kofia. "Simu yako niliiona. Niliogopa. Kaka Shaaban aliwahi kuniambia kwamba mwanamke aliye eda hazungumzi hovyo na wanaume. Mimi ni Mgogo, Mkristo, mipaka yenu siijui iko wapi. Kila nikiandika naona nimevuka. Nikasema bora nitoke kabisa, eda ikiisha nije na mke wangu tukupe pole. Hata zabibu nimeshachagua."

"Chafya yangu alikwambia nani?" Sauti ya Stara ilikuwa kali bado, maana hasira ya miezi haishuki mara moja.

"Yeye. Nisamehe, sikupaswa kuiandika. Ila alipoondoka nilibaki sina wa kumwambia kitu, shemeji. Yaani hata kimoja. Wale wataalamu wakiingia shambani, sisi tulikaa hapa. Akizima gari tu anasema, 'Raphael, sikiliza Stara kaona nini jana.' Kila safari. Jogoo, wageni, kila kitu. Halafu mimi nampa changu, ananiambia, 'Hicho nampelekea, nione atasema nini.' Akirudi ananiletea ulichosema. Mara nyingine alikuwa anabadilishana zamu na Fahadi, kisa nyuki tu. Nilikuwa nakujua, shemeji, kabla sijakuona."

Lulu alikuwa anafuta machozi kando ya gari. Stara alikaa kwenye kile kiti. Alikuwa amekuja na maneno mengi, yote yamepangwa, na hakuna hata moja lililokuwa na mtu wa kuambiwa. Aliona aibu, si kwa Raphael. Aliwaza mikono yake aliyoishusha baada ya kila swala.

"Siku ile ya mwisho," Raphael alisema polepole, "nilimpa swali. Huyu mbwa, Simba, gari likija habweki. Kama ulivyoona. Likiondoka ndipo anabweka, analifukuza mpaka barabarani. Mbwa wengine wote ni kinyume. Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri, akasema, 'Hili ni la Stara. Nikija tena nakuletea jibu.'"

Hakuuliza, lakini ilikuwa wazi kwamba anasubiri.

Stara alimtazama yule mbwa kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama jogoo wa Mama Tereza.

"Likija anajua limefika," alisema mwishowe. "Likiondoka hajui kama litarudi."

Raphael akatikisa kichwa kukubali. "Kaka angesema, 'Sikukwambia atajua?'"

Hawakukaa sana. Raphael aliwafungia zabibu kwenye gazeti, akamfungulia Stara mlango wa gari. Dereva alipowasha, Simba akainuka. Akabweka, akawafuata langoni, akawafuata kwenye vumbi, na Stara akageuka akamwangalia kwa kioo cha nyuma mpaka alipochoka akasimama katikati ya njia.

Ndipo Stara akainua mikono yote miwili palepale kwenye kiti, akaanza kumwombea Shaaban kwa jina, na Lulu akamwomba dereva azime redio.