Nafasi Tupu Katika Folda ya Mizabibu

Mpaka leo nikiona maneno "majaribio yote yamefaulu", naifunga kompyuta.

Kompyuta ya nyumbani kwetu Dodoma tulikuwa tukiitumia wawili, mimi na mume wangu. Yeye hutengeneza programu; mimi nilikuwa nasomea shahada ya pili ya kilimo. Msimu mzima nilizunguka mashamba ya Makutupora nikipiga picha za majani ya mizabibu yenye ubwiri unga, ule ugonjwa unaolipaka jani vumbi jeupe, naye alikuwa akinitengenezea programu ya kuutambua. Bila picha hizo sikuwa na utafiti. Zote nilizihifadhi kwenye folda niliyoiita "mizabibu". Simu yangu ni ndogo, kwa hiyo kila nikihamishia picha kwenye kompyuta, nazifuta kwenye simu. Flashi nilimwazima mwenzangu wa kwaya, akanirudishia imejaa nyimbo, hivyo nakala nyingine sikuwa nayo.

Sasa, tulikuwa na ugomvi wetu wa kudumu. Watu wa kazi yake huunganisha maneno ya jina la faili kwa vistari. Mimi hilo siliwezi. "Hilo ni jina au treni?" nilikuwa nikimuuliza. Jumamosi moja asubuhi aliandika skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, ya kuijaribu programu, akaniita kwa mbwembwe nione. Folda ya muda alikuwa ameiita "mizabibu majaribio", maneno mawili na nafasi katikati, kama ninavyopenda.

"Umefurahi, mama?"

"Angalau leo umeandika Kiswahili," nikamjibu, nikarudi kukoroga uji.

Skripti yenyewe ilikuwa fupi: tengeneza folda ya muda, angalia kama programu inaweza kuhifadhi majibu humo, kisha ifute folda na vyote vilivyomo. Akaiendesha. Nikamsikia akipiga makofi: yote yamefaulu! Kisha nikasikia vitufe vikigongwa haraka haraka. Nikaipua sufuria nikaenda kuangalia.

Folda yangu haikuwepo.

Alinieleza huku akinionyesha mstari wenyewe. Hakuwa ameliweka lile jina ndani ya alama za kufungua na kufunga semi, na bila hizo skripti huichukulia nafasi tupu kuwa mwisho wa jina. Haikuona folda moja. Iliona mbili: "mizabibu", ambayo ilikuwepo tayari, na "majaribio". Ikazifuta zote mbili bila kuuliza, wala hazikupitia kwenye kapu la taka la kompyuta, ambako tungeziokota.

Nilisimama na mwiko mkononi, nikiyasoma yale maneno kwenye skrini. Mashine imefuta jasho langu la msimu mzima, halafu inatupongeza!

"Tutarudi shambani," akasema. "Tutapiga upya."

"Wakulima wameshapogoa, baba. Majani wameyachoma."

Hilo hakulijua. Alikaa sakafuni, akashika kichwa. Baadaye akahangaika na programu za kufufua mafaili, moja baada ya nyingine, wala hazikurudisha hata jani moja. Uji ulipoa, hakuna aliyeugusa.

Jioni akaifungua tena skripti, akaongeza zile alama, moja mwanzo wa jina na moja mwisho. Akaiendesha mbele yangu, ili nione kwamba haitatokea tena.

Majaribio yote yamefaulu. Safari hii haikufuta kitu changu. Hakikuwepo.