Barua ya Bomu Niliyotia Jina la Baba Mdogo

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka upya. Ilikuwa hapa Nanyala, enzi za Mwingereza, nami kijana wa darasa la sita la misheni, nina kalamu ya wino mfukoni, na kwa kalamu ile nilijiona mtu.

Gazeti lilitufikia kwa lori kutoka Mbeya, limechakaa, siku nyingi baada ya kutoka. Safari hiyo liliandika kwamba wakubwa wamejaribu bomu jipya baharini, kubwa kuliko yale mawili yaliyoteketeza miji ya Wajapani mwisho wa vita, na majivu yake yamewaangukia wavuvi waliokuwa mbali, wakaugua. Habari yenyewe ilikuwa fupi, imebanwa chini ya bei ya kahawa. Niliisoma mara tatu. Wavuvi! Watu waliokwenda kutafuta riziki yao. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Na mbele ya wakubwa wale, wavuvi wale na sisi sote tulikuwa ndio nguruwe. Hasira ile sijaijutia mpaka leo. Ninachojutia ni nilichofanya nayo.

Nilikaa nikamwandikia mhariri juu ya majivu yale na wavuvi wale. Nilipofika chini, mahali pa kutia jina, nikasita. Nani atamsikiliza kijana anayepalilia kahawa ya baba yake? Basi nikaandika jina la baba mdogo Yohana, askari aliyerudi kutoka Burma na nishani kifuani, mzee wa baraza. Siku zile neno la askari wa vita lilikuwa na uzito hata kwa Mzungu. Na kwa kuwa nilishamvaa, nikaona nimvae sawasawa: nikaandika kwamba yeye mwenyewe alipita katika mji ulioungua, akaona vivuli vya watu vimebaki ukutani na wenyewe hawapo. Baba mdogo hakufika huko. Nilijua hakufika. Wala sikumwambia, nikidhani atafurahi.

Barua ikachapishwa. Haikupita muda Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaja barazani na gazeti mkononi. Karani akaisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa pili.

"Yohana," Bwana Shauri akauliza, "ulifika katika mji huu?"

"Sikufika, Bwana."

"Na barua hii?"

Baba mdogo akageuza shingo, akanitazama. Wenye kalamu kijijini tulikuwa watatu tu; alijua. Akarudisha macho mbele. "Jina ni langu," akasema.

"Lo!" mtu akapaza sauti nyuma. "Askari ameruka toka Burma mpaka kwa Mjapani kama panzi!"

"Bwana Majivu! Tuletee na sisi kivuli kimoja tukione!"

Baraza zima likaangua kicheko.

Nimtendee haki Bwana Shauri: hakumtukana, na alikuwa amempa kiti. Alisema yeye naye alifiwa na kaka yake katika vita ile, nami nilimwamini. Lakini alisema na hili, ambalo nimejaribu kulisamehe nikashindwa: "Mmeona wenyewe. Wanaolilia bomu hili ni waongo." Akamwondoa baba mdogo katika wazee wa baraza, pale pale. Na wale wavuvi, ambao ugonjwa wao ulikuwa kweli tupu, wakafunikwa na uongo wangu.

Na mimi? Miguu ilikuwa mizima, ulimi mzima, nikakaa. Daftari langu la siku ile lina neno moja: Sikusimama.

Kesho yake nilimkuta akichambua kahawa kwenye kichanja. Nikapiga magoti.

"Inuka, utaniangushia kahawa," akasema, mikono ikiendelea. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani, baba mdogo..."

"Ulidhani! Habari ya bomu lile ilinikuta kambini. Wakatuambia vita imekwisha, mtarudi kwenu. Nilicheza. Nilicheza mpaka kamba ya buti ikakatika. Baadaye ndipo tukaambiwa walikuwamo akina mama na watoto wachanga. Mimi nimecheza ngoma kwenye msiba wa watoto wa watu, na miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Ungeniuliza ningekupa, na jina ningelitia kwa mkono wangu, na yule Mzungu asingepata pa kushika."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa naishi naye ua mmoja, nisijue.

Bwana Shauri alipopita tena nilikiri kwake kwamba barua ni yangu. Akasema shauri limekwisha. Mhariri nilimwandikia mara mbili, kimya. Pengine alikuwa na sababu zake. Baba mdogo hakurudishwa barazani, na jina la Bwana Majivu alikufa nalo. Vijana waliovuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini walilipeleka hata ng'ambo.

Tangu hapo nimeandika juu ya mabomu hayo ujana wangu wote na uzee wangu, kwa wahariri, kwa maaskofu, kwa wakubwa wa nchi nisizoziona, jina langu mwenyewe chini. Barua nyingi hazikuchapishwa. Huulizwa, wewe mkulima wa kahawa, bomu linakuhusu nini? Nami hujibu kwamba majivu hayasimami mpakani kuonyesha hati. Sijui kama barua zangu zimezuia hata fataki moja. Huenda hazijazuia.

Basi shika haya. Wanasema hasira hasara. Mimi sikubali yote. Aliyesoma habari ya wavuvi wale akalala usingizi ndiye wa kuogopwa. Kasirika, mwanangu. Ila kabla hujaandika, nenda kwa mwenye jambo, keti, muulize, umwache amalize. Usimsemee macho yake. Ukweli ukikosa ukubwa ulioutaka, uandike hivyo hivyo ulivyo. Tia jina lako. Na watu wakimcheka mwingine kwa kosa lako, inuka useme kosa ni lako. Wenye mabomu wana kila kitu. Wewe huna ila kuaminiwa, na hicho ukikitupa hawana haja hata ya kukujibu.

Mungu akupe hasira isiyopoa mbele ya udhalimu, na subira ya kusikiliza. Akujalie uzeeke chini ya mbingu isiyowaka moto, na watoto wako wazeeke baada yako. Amina.