Koti Lililokwenda Kuposa

Siku ambayo babu yako Zakaria aliniambia nitoe mikono yangu aione, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yenyewe. Jana jioni nilikuona ukijigeuzageuza mbele ya kioo na koti la rafiki yako, nikacheka peke yangu pale nje mpaka mama yako akaniuliza kama niko mzima. Niko mzima. Nimekumbuka tu kwamba kwa sababu ya koti kama hilo, wewe ulikaribia kutozaliwa. Na kwa kuwa Jumamosi unakwenda mjini, mtaa wa Area 25, kuonana na wazazi wa yule binti, kaa kidogo nikueleze.

Nilikuwa kijana wa Bukavu, na wewe unawajua vijana wa Bukavu. Hata tulipofika hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mfuko mmoja mgongoni, kitu cha kwanza tulichouliza baada ya maji ni nani ana pasi ya nguo. Mama zetu walikuwa na likelemba yao: kila mmoja anachanga, na kila mwezi mmoja wao anachukua chote, zamu kwa zamu. Sisi vijana watatu, yaani mimi, Fabien na Jospin, tukaanzisha likelemba ya nguo. Tulikwenda soko la Tsoka mjini, kule kwenye marundo ya kaunjika, kama Wamalawi wanavyoiita mitumba, tukachambua tangu asubuhi, na mwisho tukarudi na koti moja la jinzi. Lilikuwa la buluu iliyopauka kwa uzuri, na vifungo vya rangi ya shaba. Siku za wiki lilining'inia kwa akina Jospin, limefunikwa kitenge cha mama yake lisishike vumbi. Jumapili mmoja wetu alilivaa, na wengine wawili tulitembea pembeni yake tukimsifu.

Lakini koti lile lilishonewa mtu ambaye hatutamjua maisha yetu. Fabien alikuwa mrefu kama mnara wa simu, mikono ya koti ikamwishia njiani. Jospin alikuwa mnene, hakuweza kufunga hata kifungo kimoja. Mimi lilinimeza. Mabega yake yalining'inia huku na huku, na mikono ilinifika kwenye ncha za vidole. Halikumtosha hata mmoja wetu, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Mimi, nikwambie ukweli, ile mikono mirefu niliipenda. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari kule nyumbani, na hapa kazi niliyopata ilikuwa ganyu, kibarua cha kupiga matofali kwa wanakijiji wa jirani. Viganja vilipasuka, udongo ukaingia kwenye kucha na haukutoka hata kwa brashi. Kanisani nilificha mikono chini ya kitabu cha nyimbo. Nilitaka watu wanione kama mtu wa kalamu. Kwa hiyo koti lililonifunika mpaka vidoleni niliona limetumwa na Mungu.

Ndipo nikampenda mama yako. Odette alikuwa binti wa Mzee Zakaria, mtu wa vilima vya Burundi, mkulima wa maharage, asiyesema sana. Vijana wawili walikuwa wamekwenda kwake kabla yangu na wote aliwarudisha, na kila mtu alijua kwamba mzee yule akishasema hapana, mlango umefungwa moja kwa moja. Nilikonda kwa mawazo. Nikamwomba mzee mmoja wa kanisa letu anisindikize na kunisemea, maana huendi kuomba mchumba peke yako kama mtu anayekwenda dukani. Na kwa kuwa Jumapili tuliyopanga kwenda zamu ya koti ilikuwa ya Fabien, nilimbembeleza wiki nzima aniachie.

Tulifika, tukapewa viti. Mzee wa kanisa akaanza kusema maneno mazuri, kwamba mimi ni kijana wa heshima, nimesoma, naimba kwaya. Mzee Zakaria hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akilitazama koti. Aliitazama kola, akavitazama vifungo, akashuka navyo kimoja kimoja mpaka chini, kisha akainua mkono kidogo na mzee wetu akanyamaza.

"Hii koti mi naijua," akasema. "Ilikuja hapa kwa kilio ya dada yangu, ilikuwa na mutu murefu. Pasaka ikarudia tena na kwaya, ilikuwa na mutu munene. Leo imekuja kuomba mutoto yangu." Akanitazama sasa usoni, kwa mara ya kwanza. "Sasa mi nimupe nani Odette? Nimupe koti? Na siku koti itarudia kwa benyewe, mutoto yangu atabakia na nani?"

Mwanangu, kuna aibu inayokutoa jasho na kuna aibu inayokukausha. Mimi nilikauka. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akivuta pumzi, na nilijua ni nani.

Kisha akasema lile neno. "Toa mikono nione."

Nikavuta mikono ya koti juu. Akavishika viganja vyangu, akavigeuza, akapitisha kidole gumba pale palipopasuka.

"Hii inafanya kazi gani?"

"Matofali, Muzee."

"Na juu ya nini unaificha?"

Akaniachia. "Mi sijakatala," akasema polepole. "Nimesema sijakuona bado. Rudisha koti kwa benyewe. Ukuje siku ingine, ukuje we mwenyewe."

Njiani mzee wa kanisa alinionea huruma. Mimi nilikuwa na hasira, tena nyingi. Nilijiambia mkulima huyu wa maharage ajua nini kuhusu mavazi? Lakini hasira ile haikuvuka usiku, na kesho yake nilipolirudisha koti kwa akina Jospin nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la mtu mwingine.

Nilikuwa na mashati mawili tu yaliyokuwa yangu. Moja lilikuwa la kaki, rangi ya udongo wetu huu, ambalo sikuwahi kulivaa kanisani kwa sababu mikono yake ilikuwa imechanika pale kwenye kifundo. Nikalipeleka kwa fundi cherehani sokoni, akanipunguzia mbavuni, akapandisha mabega yakakaa juu ya mabega yangu. Ile mikono iliyochanika akasema haifai kushonwa, niikunje tu. Nikaikunja mpaka karibu na kiwiko. Nilijitazama kwenye kipande cha kioo cha fundi nikashangaa. Nilikuwa kijana mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kupiga matofali, na kwa mara ya kwanza nguo ilikuwa inakubaliana na hayo yote. Suruali yangu ilikuwa ile ile, viatu ni vile vile nilivyovisugua mpaka vikaona haya.

Nilipokwenda mara ya pili, Mzee Zakaria alikuwa shambani kwake, kando ya njia. Aliniona toka mbali, akaegemea jembe akaningoja. "Ah," akasema, "leo njo nakuona." Kisha akamwita Odette alete maji ya kunawa, na tukala maharage na nsima, ugali wa huku, na mikono yangu ilikuwa juu ya sahani mbele ya kila mtu.

Tangu siku hiyo nakunja mikono ya shati. Umezaliwa ukaniona hivyo, labda ulidhani ni joto. Hata mwezi wa saba baridi inapouma, navaa sweta la kukatwa mikono juu yake na bado nakunja. Wachuuzi wa Tsoka ninakofuata nguo za kuja kuuza hapa sokoni wananitambua toka ng'ambo ya barabara. Sikutafuta kujulikana hivyo. Nilirudia kitu kimoja kilichonifaa, mwaka hadi mwaka, na watu wakaiita staili ya mume wa Odette.

Kwa hiyo sikukatazi kupendeza, wewe ni mjukuu wa Bukavu na damu haifichiki. Vijana wananijia na simu mkononi, "Papa, nataka kama hii," na picha ni ya mtu mrefu amesimama mahali penye lami na mvua. Huwa nawauliza, utaivaa wapi, na siku ngapi utaivaa tena? Wewe umenunua viatu vyeupe pee, na unaishi kwenye vumbi jekundu. Viatu vile vinakuendesha, unatembea kama unakanyaga mayai. Tafuta rangi inayopatana na vumbi letu. Shati likitua vizuri mabegani limeshinda koti la bei linaloning'inia, na fundi cherehani yuko pale pale, mpe kazi. Ukipata kinachokufaa, kirudie bila haya, kizeeke nawe. Mtu aliye na suruali mbili zinazomjua amevaa kuliko mwenye sanduku la nguo za kuigiza.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili. Nimesikia umewapelekea wazazi wa binti neno kwamba uko kwenye biashara ya usafiri. Mwanangu, wewe unaendesha kabaza. Ni baiskeli, umeilipia mwenyewe, unawafikisha akina mama hospitali na mizigo yao. Jua limekuchoma shingo, na usukani umekuotesha sugu viganjani. Koti hilo la rafiki yako litafunika vyote hivyo Jumamosi moja. Halafu Jumatatu baba wa binti atakukuta barabarani unakanyaga pedali, na huyo atakayemwona hatakuwa yule aliyemkaribisha kwake.

Lirudishe leo. Chukua lile shati lako la kijani ulilonunua mwenyewe mwaka jana, mama yako atakupigia pasi, anajua. Vaa viatu unavyoviamini. Kisha nenda, na Mungu wa babu zako akutangulie mpaka mlangoni. Akupe kibali machoni pa watu wale, akupe mavazi yasiyohitaji kurudishwa, akujalie nyumba ambamo utajulikana hata taa ikizimwa. Na ukishakaribishwa kiti, mwanangu, akutie moyo wa kutoa mikono yako mwenyewe, kabla hujaambiwa.