Mbingu ya Ukuta wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Ng'arisha, na jina hilo alilitolea jasho. Ukiingia studio kwake umenuna kama uliyelala njaa, unatoka na picha ya mtu aliyeshiba na kulipwa mshahara. Mwenye giza usoni alimwongezea mwanga, mwenye macho mekundu akamtakasa. "Kila sura na dawa yake," alipenda kusema.

Sasa mama mkwe wake, mwanamke asiyesifia kitu ovyo, akahamia nyumba mpya. Ukuta wa sebule ulikuwa mtupu. Mdomo uliponza kichwa! Ng'arisha akajitutumua, "Mama, niachie mimi. Nitakuletea mbingu nzima ya usiku, kona hii mpaka ile."

"Haya, tutaona," akajibu mama mkwe, na heshima yote ya Ng'arisha ikawa imewekwa rehani kwenye ukuta ule.

Mbingu haienei kwenye picha moja. Unapiga vipande, ukigeuza kamera kidogo kidogo, kisha unaviunga. Lakini mazoea yana taabu, jamani. Ng'arisha kila kipande akakifanya mteja: penye taa za mji akapunguza mwanga, penye giza akaongeza, na rangi akaiacha kamera ijiamulie. Alipoviunga, kipande kimoja kikawa buluu, cha pili chai ya maziwa, cha tatu zambarau.

Mama mkwe akavaa miwani. "Mkwe, mbingu yako mbona ina viraka? Ilichanikia wapi?"

Aibu iliyompata, usiseme. Mkewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bwana wee, nyota si wateja," akamwambia. "Mimi ukuta mmoja naukorogea ndoo moja. Nikikoroga kila pembe na ndoo yake, nani ataniita tena?"

Safari ya pili walikwenda wote wawili. Mkewe akasimama mbele ya kamera ili picha ipate mtu. Ng'arisha akapima mwanga mara moja, akachagua rangi moja, akaifunga mipangilio yote ya kamera isibadilike, kisha kazi ikawa kugeuza kamera tu. Mbingu ikatoka kama kitambaa cha jora moja. Ila mkewe! Kivuli kitupu, hana jicho wala pua. Vidole vilimwasha Ng'arisha. Akimng'arisha mke, kipande kile kinakuwa kiraka tena. Akimwacha, anampelekea mama wa watu binti mwenye sura ya mkaa. Akaipeleka hivyohivyo.

Mama mkwe akaisogelea picha.

"Mikono kiunoni, shingo upande," akasema mama mkwe polepole. "Huyu ni mwanangu, na hapo alishachoka kukungoja."

Akavua miwani, akaifuta.

"Zile picha zenu za harusi nimezifungia kabatini, mkwe. Ulimng'arisha hata nikashindwa kuwaambia wageni kuwa yule ndiye niliyemzaa. Hii ndiyo ya kutundika. Leta nyundo."