Chaki Kwenye Ukuta Wangu

Shule niliachia darasa la tatu, lakini nyumba yangu ya Kibirizi niliijenga mwenyewe kwa biashara ya dagaa. Siku binti mmoja alipoingia uani na chaki mkononi, nilimkimbilia kumzuia asiukaribie ukuta. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Ujiji, anasomea mipango miji chuo kikuu, na likizo hiyo alifadhiliwa kukaa mtaani kwetu tupange mtaa pamoja.

"Shikamoo mzee. Ziwa lilipojaa, maji yalifika wapi hapa ukutani? Nichore mstari."

"Marahaba. Leo mstari, kesho X nyekundu ya kubomolewa, keshokutwa tingatinga!"

"Babu, tunapima kimo cha tuta la kuzuia maji, mtaa ukaliombe manispaa. Ukinipunguzia kipimo, litakuwa fupi."

Nikapiga hesabu. Nikisema magotini, tuta litakuwa fupi na maji yatarudi chumbani. Nikisema kifuani, manispaa watasema nimejenga ziwani.

"Kifuani," nikasema.

Akachora. Tuta bado halijajengwa, mstari upo, na gari la manispaa likikata kona tu, mimi mwanaume mzima natetemeka.