Jina Tulikupa, Mtoto Hatukukupa

Lifti ya jengo letu ilikuwa imeharibika tena, kwa hiyo tulishuka ngazi na kigari cha mtoto, mimi nimeshika mbele, mama mkwe ameshika nyuma, binti yangu amekaa ndani kama malkia. Ilikuwa Jumamosi na sikuwa na shifti. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kazini alfajiri, kwenye nyumba ya wazee anakofanya shifti ya usiku, na alikuwa amelala. Mama mkwe alikuwa ametoka Nakuru kututembelea, na tangu afike hakuwa ameona London yoyote isipokuwa Tottenham yetu na ule ukungu mweusi wa ukuta wa chumba cha kulala, ambao aliusugua kila asubuhi bila kuombwa. Nikasema leo nimtoe, akaone mji. Nilifanya hivyo kwa moyo safi. Andikeni hilo kwanza.

Kwa kina mume wangu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo binti yangu ana jina la mama mkwe, na mama mkwe humwita wajina, basi. Wajina amekula? Wajina amevaa soksi? Mimi niliona ni mapenzi. Na ni mapenzi, sikatai.

Tulianzia kwenye kasri la mfalme. Mama mkwe alilitazama kwa muda, mikono kiunoni, leso juu ya koti la mwanawe, kisha akasema nyumba kubwa hivi na hakuna hata mtu mmoja ametoka kutukaribisha chai. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule askari mwenye kofia ya manyoya alimhuzunisha. Akataka kujua kama mama yake anajua anavyoshinda juani amevaa hivyo. Mto nao hakuupenda. Alisema maji yenye rangi ya chai ya jana si kitu cha kupigia picha.

Lakini picha alipiga. Kila mahali alimtoa mtoto kwenye kigari, akamsimamisha, akamwambia, "Tazama shosho." Mtoto anaelewa Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, na alimjibu shosho, yaani bibi yake, kwa Kiingereza kwamba amechoka kusimama. Mimi nilijaribu kuingia kwenye picha moja, mama mkwe akaniashiria kwa mkono nisogee. Nilidhani nimefunika kasri.

Tulipofika kwenye lile daraja linalofunguka katikati, akawapigia video wamama wa chama chake. Walikuwa wamekaa pamoja huko nyumbani, nyuso zimejaa kwenye kioo cha simu. Akamgeuzia mtoto simu.

"Mwoneni wajina mahali alizaliwa," akasema. "Mwezi ujao mtamwona hapo hapo mezani."

Walipiga vigelegele. Mmoja alisema fundi ameshaleta kitanda. Mwingine aliuliza kama mtoto anakunywa maziwa ya mbuzi au atafutiwe ya ng'ombe. Watalii wakapita, mtoto akapunga mkono, na mimi nikasimama pale na chapati tuliyobeba kutoka nyumbani mkononi kama mtu aliyealikwa kwenye mazishi yake mwenyewe.

Alipokata simu nikamuuliza mwezi ujao kuna nini. Hakunijibu kwa hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniangalia kwa huruma.

"Kwani bwanako hakukuambia?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba sisi wawili tunapishana mlangoni kama walinzi. Kwamba ule ukuta utamwua mtoto kifua. Kwamba watoto wengi wa huku wamepelekwa nyumbani kwa bibi zao, wakarudi wakubwa wenye adabu na lugha. Na huyu ni wajina wake, wa nani tena? Nikaelewa zile picha zote. Zilikuwa za kuaga.

Nikageuza kigari. Akaniuliza kama hatuendi kuona lile gurudumu kubwa. Nikamwambia London ya wageni ameimaliza, sasa twende akaone ya kwetu. Ndani ya basi alikaa nyuma yangu. Mimi nilisimama pale pa vigari, nikashika chuma mpaka Tottenham, vidole vikafa ganzi.

Sokoni nilimtoa mtoto kwenye kigari na kumwacha atembee. Anapajua. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya ndizi, akachagua yake, akashukuru. Kisha akamwona jirani yetu Mkongomani, mama wa makamo anayekaa na mtoto shifti zetu zikigongana, akakimbia akamkumbatia magoti.

"Mutoto yangu, leo umenisahau?" jirani akamwambia, akambeba, akamsalimia mama mkwe kwa kuinama, akaanza kumsifia mjukuu wake alivyo mkorofi na anavyopenda samaki.

Mama mkwe aliitikia vizuri. Alingoja jirani aendelee na manunuzi yake, ndipo akanivuta kando, karibu na magunia ya mchele.

"Jirani unampa mtoto. Mimi, damu yake, unaninyima?"

"Jirani ananirudishia jioni," nikasema.

Akafungua mdomo, nami nikaendelea, kwa sababu ningenyamaza ningelia, na sikutaka kulia mbele ya mchele. Nikamweleza kitu ambacho hata mwanawe hakijui vizuri. Mimi nililelewa na bibi. Mama yangu alikuwa anafanya kazi Nairobi, akija Krismasi na viatu vya saizi ya mwaka uliopita. Nilimwita anti. Aliponichukua nikiwa mkubwa, nililia nikitaka kurudi kwa mama, yaani bibi, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa amenishika mkono. Bibi alinilea vizuri, sina lawama naye hata moja. Lakini mpaka leo nikimpigia mama simu tunaongea kuhusu mvua.

"Jina tulikupa, Mama," nikamwambia. "Mtoto hatukukupa."

Alinyoosha mkono akamfuta mtoto ndizi kidevuni, na alifanya polepole.

Nyumbani tulimkuta mume wangu jikoni na kikombe cha chai. Alipoziona nyuso zetu akajua. Akaanza ile yake ya tutaongea. Nikamwambia tunaongea sasa, nikasimama mlangoni na kigari, hakuna wa kupita. Alitazama chai yake. Alisema alinyamaza kwa sababu alijua nitakataa. Kweli, alijua, na akanyamaza, na hilo sijamaliza naye.

Halafu akamwambia mama yake kitu kwa lugha yao. Nikamwambia arudie kwa Kiswahili, nami nisikie.

"Mama, mtoto atabaki," akasema.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti, bado amevaa koti. Alionekana mzee kuliko asubuhi, na niliona, mimi si jiwe. Mtoto alimpandia mapajani. Baadaye mama mkwe akaniuliza mimi, si mwanawe, atawaambia nini wale wamama.

"Waambie mama yake amekataa. Usimtaje mwanao. Nitaje mimi."

Akanitaja. Nakuru nzima inajua, na kanisani hapa kuna wanaonisalimia kwa ncha za vidole, wanasema nimejifunza uzungu. Nawaambia hakuna mzungu aliyenifundisha. Jumatatu asubuhi nilimpeleka binti yangu nasari. Aligoma kuvua koti, akanililia langoni akiniita mami, nikachelewa kazini na msimamizi akanisema mbele ya watu. Nilimwacha aseme mpaka achoke.